Petroli Yenye Ethanoli: Maswali ya Madereva Wanaoishi Iowa na Majimbo Jirani

Mahindi yanayopandwa kando ya barabara za Iowa, Nebraska na Illinois mengi hayaendi kuwa ugali. Huishia kiwandani, yakatoka huko kama ethanoli na kuchanganywa kwenye petroli unayojaza kila wiki. Wengi wetu tuliohamia huku kutoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya tulikuta sheli yenye vitufe vitano na namba tusizozijua, na kila mtu akawa na lake la kusema: inaua injini, inamaliza mafuta haraka, ni biashara ya wakulima tu. Baadhi ni kweli. Mengi yametiwa chumvi.

Hii ethanoli ni kitu gani hasa?

Ni pombe. Ni ile ile iliyomo kwenye gongo na chang'aa, ila imeondolewa karibu maji yote na kutiwa petroli kidogo ili mtu asiinywe. Busheli moja ya mahindi, kama kilo 25 hivi, hutoa galoni karibu 2.8 za ethanoli, na makapi yake hulishwa ng'ombe na nguruwe. Iowa ndiyo inayoongoza Marekani kwa kuitengeneza.

Kwa nini wanaichanganya? Si wangetuachia petroli yetu safi?

Petroli ya kawaida inahitaji kitu cha kuiongezea oktani, yaani uwezo wa kuhimili mgandamizo ndani ya injini bila kulipuka kabla ya wakati. Zamani kazi hiyo ilifanywa na madini ya risasi, na madhara yake kwa watoto yanajulikana. Baadaye ikaja kemikali iitwayo MTBE, ambayo ilivuja kutoka kwenye matangi ya sheli ikaharibu maji ya visima, hadi majimbo yakaanza kuipiga marufuku. Ethanoli ikachukua nafasi. Kisha Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 2005, ikapanuliwa mwaka 2007, ya kulazimisha kiasi fulani cha mafuta ya mimea kiuzwe kila mwaka. Wakulima wa mahindi walipigia debe sheria hiyo, hilo halifichiki. Leo zaidi ya asilimia 98 ya petroli ya Marekani ina ethanoli ndani yake, kwa hiyo kama unaendesha gari hapa, tayari unaitumia.

E10, E15, E85: herufi na namba hizi zina maana gani?

Namba ni asilimia ya ethanoli. E10 ni ile ya kawaida, ambayo karibu gari lolote la petroli linaloonekana barabarani leo linaipokea. E15 mara nyingi huandikwa Unleaded 88. E0 ni petroli isiyo na ethanoli kabisa.

E85 ndiyo yenye hila. Jina linasema 85, lakini kilichomo ni kati ya asilimia 51 na 83, kutegemea msimu na mahali. Majira ya baridi hupunguzwa ethanoli kwa sababu ethanoli haitoi mvuke kirahisi kukiwa na baridi kali, na bila mvuke injini haiwaki. Kwa hiyo E85 ya Januari na ya Julai si kitu kimoja, na ulaji wa mafuta wa gari lako utaonyesha hivyo.

Itanipunguzia maili ngapi kwa galoni?

Galoni moja ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na galoni ya petroli tupu. Hapo hakuna ubishi wala siasa, ni kemia. Sasa ukichanganya asilimia 10 tu, upungufu unakuwa karibu asilimia 3. Kwa E15 ni asilimia 4 hadi 5. Kwa E85 ni asilimia 15 hadi 27. Hizo ndizo takwimu za serikali ya Marekani yenyewe, iliyoamuru ethanoli ichanganywe, kwa hiyo huwezi kusema zimefichwa.

Tuziweke barabarani. Gari linalokwenda maili 30 kwa galoni ya E0 (kwa hesabu ya nyumbani, kama kilomita 12.7 kwa lita) litakwenda maili 29 na kidogo kwa E10. Tangi la galoni 15 litakufikisha maili 450 kwa petroli tupu na kama 436 kwa E10. Maili 14 kwa tangi zima. Foleni moja ya asubuhi Des Moines au kipindi cha kuwasha gari ukisubiri vioo viyeyuke barafu kinaweza kula zaidi ya hapo. Lakini gari lile lile, kama lingekuwa la kupokea E85, tangi lingeweza kuishia maili 340 hivi. Hiyo utaihisi.

Mbona langu limeshuka kutoka maili 28 hadi 22, na sijawahi kuweka chochote zaidi ya E10?

Swali hili huulizwa sana kati ya Desemba na Februari, na jibu liko nje ya dirisha. Baridi inapofika nyuzi 20 za Farenihaiti, ambazo ni kama 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi, gari la petroli mjini hutumia mafuta vibaya zaidi kwa karibu asilimia 15 kuliko siku ya nyuzi 77. Ukiwa unaendesha safari fupi za maili tatu au nne, kutoka nyumbani hadi kazini kiwandani na kurudi, upungufu unaweza kufika asilimia 24. Oili imekuwa nzito, injini haipati joto, betri inafanya kazi ya ziada, kiti kina joto la umeme, kioo cha nyuma kina joto la umeme, na hewa ya tairi imepungua. Tairi hupoteza takriban psi moja (kipimo cha presha ya hewa) kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10 za Farenihaiti, kwa hiyo tairi ulizojaza Septemba zimelegea bila msumari wowote.

Ongeza mwendo. Anayekimbia maili 80 kwa saa kwenye barabara kuu ya I-80 akilalamikia mahindi anamsingizia mkulima.

Ukiona ulaji wa mafuta umepanda ghafla wakati wa kiangazi, tafuta kwingine: plagi zilizochoka, chujio la hewa, breki inayoshika, sensa ya oksijeni inayodanganya. Ethanoli haibadilishi tabia wiki hii na kuacha wiki ijayo.

Nipimeje mwenyewe?

Jaza hadi bomba lijifunge lenyewe, sogeza namba ya safari kwenye sifuri, endesha kawaida, kisha rudi sheli ile ile, ikiwezekana pampu ile ile, ujaze tena. Gawanya maili kwa galoni zilizoingia. Usiamini tangi moja. Fanya kwa matangi matatu au manne ya aina moja ya mafuta kabla ya kubadili aina nyingine, na usilinganishe ya Januari na ya Mei. Kompyuta ya dashibodi inafaa kukupa picha, lakini mara nyingi hujisifu kidogo.

Na kama unashuku pampu inakupunja, angalia stika ya wakaguzi. Iowa kazi hiyo iko chini ya idara ya kilimo ya jimbo, na wanapokea malalamiko.

E15 inauzwa pungufu kwa senti kadhaa. Ninunue?

Kama gari lako linaruhusiwa, tazama tofauti ya bei. Kutoka E10 kwenda E15 unapoteza asilimia moja hadi mbili ya maili. E10 ikiwa dola 3.00, E15 inapaswa kuwa pungufu kwa senti 3 hadi 6 ili mfuko wako usione tofauti. Ikiwa pungufu kwa senti 10, umepata faida ndogo. Ikiwa pungufu kwa senti 2, endelea na E10 yako.

Utaikuta karibu kila mahali. Sheria ya Iowa iliyosainiwa mwaka 2022 inavitaka vituo vingi vya mafuta viuze E15 kuanzia mwaka 2026, isipokuwa vile ambavyo matangi na mabomba yake hayawezi kuihimili.

Ni nani asiyeruhusiwa kutumia E15?

Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imeiidhinisha kwa magari madogo, malori madogo na SUV za mwaka 2001 na kuendelea. Pikipiki hapana. Boti hapana. Mashine za nyasi, misumeno ya injini, jenereta na magari ya kabla ya 2001 pia hapana. Stika ya rangi ya chungwa kwenye pampu inasema hivyo, na si ushauri tu, ni sheria ya shirikisho.

Idhini ya EPA na dhamana ya kampuni iliyotengeneza gari ni vitu viwili tofauti. Gari la 2008 linaweza kuruhusiwa na serikali huku kitabu chake kikisema mwisho ni asilimia 10. Ukiwa bado na dhamana, fuata kitabu. Magari mengi ya miaka ya karibuni yameandikwa E15 waziwazi, mara nyingine kwenye kifuniko chenyewe cha tangi.

Na E85? Bei yake inavutia.

Kwanza hakikisha gari lako ni la kuipokea. Angalia maandishi ya FlexFuel au FFV nyuma ya gari, kifuniko cha tangi cha manjano au chenye mzunguko wa manjano, na kitabu cha gari. Ford F-150 nyingi, Chevrolet Silverado nyingi na baadhi ya magari makubwa ya Dodge yamo. Lakini mawili yanayofanana kabisa, yaliyotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, yanaweza kutofautiana. Usikisie kwa kuangalia la jirani.

Kisha piga hesabu. Zidisha bei ya E10 kwa 0.75. E10 ikiwa dola 3.00, E85 inaanza kulipa inaposhuka chini ya dola 2.25 wakati wa joto. Wakati wa baridi, kwa kuwa ethanoli iliyomo ni kidogo, hata dola 2.50 inaweza kukutosha. Kumbuka pia kwamba utasimama sheli mara nyingi zaidi, na muda wa mtu wa zamu ya usiku una bei yake.

Unapobadilisha kutoka aina moja kwenda nyingine, usiongeze galoni moja moja. Jaza vya kutosha, kisha endesha maili kadhaa kabla ya kuzima. Kompyuta ya gari inahitaji kuyasoma mafuta mapya na kujipanga. Ukijaza ukazima hapo hapo, asubuhi yenye baridi injini inaweza kusumbua kuwaka.

Nimejaza E85 kimakosa kwenye gari la kawaida! Nimeua injini?

Hapana, tulia. Petroli huchomwa kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1. Ethanoli inataka hewa 9 tu kwa mafuta 1. Maana yake injini yako sasa inahitaji mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile, na nozeli zake zina kikomo. Itatetemeka, itakosa nguvu, na taa ya injini itawaka, mara nyingi kwa namba ya hitilafu P0171 inayosema mchanganyiko una mafuta pungufu.

Kama umeweka galoni chache, jazia E10 juu yake na uendeshe polepole bila kukanyaga mafuta sana. Rudia kujaza E10 kila tangi likifika robo tatu. Kama umejaza tangi zima na gari linakwama, mpe fundi alimwage. Mara moja haiharibu. Kuifanya mazoea kwa sababu bei yake ni rahisi, kama wanavyofanya baadhi ya vijana, ni jambo jingine: injini inayokosa mafuta ya kutosha hupata joto kupita kiasi, na mipira na pampu visivyotengenezwa kwa pombe nyingi hulegea.

Rangi za mabomba zisikudanganye. Mara nyingi E85 ni ya manjano na dizeli ni ya kijani, lakini zipo kampuni ambazo kijani chao ni petroli. Soma maandishi.

Ni kweli ethanoli inakula injini?

Inategemea injini ya lini. Ethanoli hulainisha na kuvimbisha aina fulani za mpira wa zamani, na huleta kutu kwenye zinki na alumini isiyolindwa, hasa ikishaingia maji. Magari ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 yenye kabureta na mipira ya asili yana sababu ya kuogopa. Magari ya baadaye yalitengenezwa yakijua kwamba E10 inakuja. Camry ya 2009 yenye maili 210,000 imekunywa E10 maisha yake yote, na ikifa, haitakuwa kwa sababu hiyo.

Jambo moja huwachanganya watu. Ethanoli ni kiyeyushi kizuri. Gari kuukuu lililokaa miaka na uchafu chini ya tangi likianza kupewa E10, uchafu huo huachia na kukimbilia kwenye chujio. Gari linaanza kukwama, mwenyewe anasema mafuta mapya yameharibu, kumbe yamefukua ya zamani. Badilisha chujio la mafuta na utaendelea.

Ethanoli pia ina faida ambayo wapinzani wake hawaitaji: inapopata kuwa mvuke hupoza hewa inayoingia, na oktani yake ni ya juu, hivyo injini haigongi. Injini iliyobuniwa kwa ajili yake hufidia sehemu ya maili zinazopotea. Brazil wanauza petroli yenye asilimia 30 ya ethanoli tangu Agosti 2025, na magari yao yalianza kutengenezwa kupokea mchanganyiko wowote mwaka 2003. Magari huko hayafi barabarani.

Nibadilishe oili mapema zaidi?

Kwa E10 na E15, hapana. Fuata kitabu. Kwa anayetumia E85 kila siku, vitabu vingi vinataka ubadilishe oili kwa vipindi vifupi zaidi. Sababu ni kwamba kwenye baridi injini humiminiwa mafuta mengi ili iwake, na kiasi kinachuja hadi kwenye oili. Safari ndefu huyachoma. Safari fupi fupi huyaacha humo.

Niweke dawa ya kuzuia mafuta kuganda majira ya baridi?

Zile chupa ndogo za njano au nyekundu zinazopangwa karibu na keshia zina pombe ndani. E10 yako tayari ina galoni moja na nusu ya pombe kwenye tangi la galoni 15. Unanunua kijiko cha kitu ulicho nacho kwa ndoo. Weka tangi juu ya nusu, inatosha.

Mashine ya kukata nyasi haiwaki kila mwezi wa nne. Ni ethanoli?

Hapa sasa lawama nyingi ni za haki.

Ethanoli hufyonza unyevu wa hewa. Gari linamaliza tangi kwa wiki moja au mbili, na mfumo wake umezibwa vizuri, hivyo unyevu haupati nafasi. Mashine ya nyasi ina tangi dogo lenye tundu la hewa, inakaa gereji kuanzia Oktoba hadi Aprili. E10 inaweza kubeba maji kama nusu ya asilimia moja tu. Yakizidi hapo, maji na ethanoli hujitenga na petroli na kukaa chini, pale pale injini inapovutia mafuta. Juu inabaki petroli iliyopoteza oktani. Wakati huo huo petroli yenyewe inazeeka na kuacha utando kama gundi kwenye matundu ya kabureta, ambayo ni madogo kuliko sindano ya kushonea. Utando huo hutokea hata kwa E0, ila taratibu zaidi.

Cha kufanya: kabla ya kuihifadhi, endesha mashine mpaka mafuta yaishe ndani ya kabureta. Au jaza E0 yenye dawa ya kuhifadhi mafuta, kisha iwashe dakika tano hadi kumi ili mchanganyiko ufike kote. E10 usiiweke zaidi ya miezi mitatu kwenye kidumu cha plastiki. Iliyozeeka kidogo unaweza kuimimina kwenye tangi la gari lililojaa nusu, itachomeka bila shida, lakini ile iliyotengana na kuonyesha tabaka chini ipeleke kwenye kituo cha taka za hatari cha kaunti.

Ukienda kununua E0 kwa kidumu, tafuta pampu yenye bomba lake peke yake. Pampu ya bomba moja na vitufe vingi hubakiza ndani ya mpira mafuta ya aliyekutangulia. Kwa gari si kitu. Kwa kidumu cha galoni moja, umelipia E0 ukapewa mseto.

Haya yote yanahusu pia jenereta, mashine ya kusukuma theluji na msumeno wa injini.

Nyumbani tulizoea petroli ya 95. Hapa naona 87. Ni mafuta dhaifu?

Vipimo ni tofauti. Afrika Mashariki na Ulaya huandika kipimo cha oktani kiitwacho RON. Marekani huandika wastani wa RON na kipimo kingine kiitwacho MON ambacho daima huwa chini. 87 ya hapa ni kama 91 au 92 ya kule. Gari linalotaka 87, lipe 87. Kulipia 91 kwa gari lisiloihitaji hakuongezi nguvu wala maili.

Natuma gari langu la FlexFuel Kongo. Litakubali esansi ya kule?

Litakubali. Gari hilo limetengenezwa kwa mchanganyiko wowote kuanzia sifuri hadi asilimia 85, na petroli tupu ndiyo rahisi kwake kuliko zote. Kinachopaswa kukusumbua zaidi ni mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa au yaliyokaa kwenye mapipa yenye maji. Safirisha na machujio ya akiba.

Kwetu Afrika haya mambo yapo?

Yapo tangu zamani. Malawi inachanganya ethanoli ya miwa tangu mwaka 1982. Kenya nayo iliwahi kuuza petroli iliyochanganywa na ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni katika miaka ya 1980, kabla ya mpango kusimama.

Kuna dawa ya chupa inayorudisha maili zilizopotea?

Hakuna. Nishati isiyokuwemo kwenye galoni hairudishwi na chupa ya dola nane. Ukitaka nozeli zibaki safi, jaza kwenye vituo vyenye alama ya Top Tier, mpango ulioanzishwa mwaka 2004 na BMW, General Motors, Honda na Toyota unaodai kiasi kikubwa zaidi cha sabuni ndani ya petroli. Chama cha madereva cha AAA kilipima mwaka 2016 kikakuta petroli isiyo ya mpango huo inaacha uchafu mara 19 zaidi kwenye vali. Vituo vingi vya bei ya chini vimo kwenye orodha, na alama yao hubandikwa kwenye pampu.